Kabla hujachimba choo bondeni, uliza maji ya Aprili yanafika wapi

Mwezi wa Oktoba ardhi ya bonde la Kilombero ni mwongo. Unapiga sururu, unashuka mita 3, udongo unapukutika kama unga, fundi anapanda juu akijipangusa vumbi na kusema shimo limekubali. Nimeona shimo la namna hiyo likichimbwa kwenye shule moja ya kijiji, si mbali na Ifakara. Aprili iliyofuata nilimulika tunduni kwa tochi ya simu, nikaona uso wangu. Maji yalikuwa nusu mita chini ya sakafu, na kila mvua ilipokazana yalirudisha juu vitu ambavyo watoto walidhani wameshaagana navyo.

Kwa hiyo la kwanza kufikiria si saruji wala bati. Muulize jirani mwenye kisima cha ndoo kamba yake inashuka pima ngapi kiangazi na pima ngapi masika. Huyo anajua kuliko kipimo chochote, kwa sababu mikono yake ndiyo inayovuta. Akikwambia "masika nachota kwa kuinama tu", umeshapata jibu. Kama hakuna kisima karibu, tazama ukuta wa nyumba kongwe uone mstari wa tope, kisha chimba shimo dogo la majaribio. Udongo wenye madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu ni udongo unaokaa majini kila mwaka, hata kama leo ni mkavu.

Kitako cha shimo kinatakiwa kibaki walau mita 2 juu ya maji yanapopanda kabisa, si yanaposhuka. Bondeni mara nyingi hesabu hiyo inakuachia shimo la mita moja tu, na hapo watu hukata tamaa wakachimba hivyo hivyo. Usikate tamaa, panda juu. Chimba kiasi kinachoruhusiwa, jengea kwa tofali za kuchoma au pete za zege, endelea kujenga hadi juu ya ardhi, shindilia udongo pembeni mpaka kiwe kama kichuguu, weka ngazi. Wengine huona aibu choo kuwa na ngazi, eti kila mtu anakuona ukienda. Aibu ya Aprili ni kubwa zaidi.

Kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka chooni, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Hili wengi wanalijua. Wanachosahau ni kisima cha jirani. Ukipima kamba kutoka kwako, pima na kwake, tena umshirikishe, maana akichimba kisima kipya mwakani karibu na shimo lako la zamani, umbali wako wote umekuwa bure. Na mita 30 zenyewe ni za udongo unaochuja. Huko Unguja na pwani kwenye miamba ya matumbawe, maji hupita kwenye nyufa kama kwenye bomba, hayachujwi na chochote. Huko afadhali shimo lisilovuja, au choo kikavu cha kutenganisha mkojo, chenye vyumba viwili vinavyotumika kwa zamu.

Halafu hesabu watu. Mtu mmoja hujaza shimoni lita 40 hadi 60 kwa mwaka baada ya vitu kuoza na maji kunywea. Wanaojisafisha kwa magunzi, mawe au makaratasi magumu hufika lita 90. Shimo la mviringo lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu ambayo hairuhusiwi kujazwa, lina mita za ujazo 2 kasoro kidogo. Familia ya watu 6 wanaotumia maji itakaa nalo miaka 5 au zaidi. Familia hiyo hiyo ikitumia magunzi, miaka mitatu na nusu. Pedi na nepi nazo zikitupwa humo, hesabu yote inavurugika, kwa hiyo weka ndoo yenye mfuniko na mahali pa kuchomea tangu siku ya kwanza. Kwa shule za Tanzania kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kamati ya shule iliyoanza na "tujenge matundu manne kwanza" ianze upya na daftari la mahudhurio.

Sasa maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo. Vijijini bafu na choo mara nyingi ni chumba kimoja, na maji yote huingia shimo lile lile. Kwenye udongo wa kichanga linavumilia. Kwenye mfinyanzi ule mweusi unaonata, shimo linageuka bwawa, na bwawa lina mbu. Jaribu kabla: chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji yanywee, jaza tena, kaa na saa. Kama baada ya saa moja maji hayajashuka hata sentimita 2, udongo huo haunyonyi. Maji ya bafu utayapeleka kwenye migomba kupitia mfereji mfupi, si kwenye shimo. Kwenye udongo unaonyonya, kishimo cha mita moja kilichojazwa mawe makubwa chini na kokoto juu kinatosha, ila tanguliza ndoo yenye majani makavu ya kunasa mafuta ya vyombo, na majani hayo uyabadilishe. Nimeona mashimo ya mawe yakifa ndani ya mwaka mmoja kwa mafuta ya kukaangia tu.

Mwenye uwezo wa kujenga karo, awe mwangalifu na neno lenyewe. Kinachoitwa karo sehemu nyingi ni shimo kubwa lenye mfuniko wa zege, basi. Karo halisi lina vyumba viwili visivyovuja, cha kwanza kikiwa theluthi mbili ya ukubwa wote, na bomba la kutokea lina umbo la T ili povu la juu na tope la chini visipite. Maji yanayotoka humo yanaonekana mepesi, na wepesi huo ndio unaodanganya watu wayaelekeze mferejini. Bado yana vijidudu tele. Lazima yaende kwenye shimo la kunyonyea. Uliza pia kama gari la kunyonya majitaka linafika kijijini kwenu masika. Kama halifiki, nani atalitoa tope baada ya miaka mitatu?

Hapo ndipo choo cha shimo kinaposhinda. Acha nafasi ya shimo la pili tangu mwanzo, na sakafu ya zege itengenezwe vipande viwili vinavyobebeka na vijana wanne. La kwanza likijaa, lifukie kwa nusu mita ya udongo, hamishia sakafu. Lililofukiwa liache walau mwaka mzima, miwili ni bora, kwa sababu mayai ya minyoo ni magumu kufa kuliko bakteria. Mtu yeyote asishuke kwenye shimo lililokwisha tumika, hata kutoa simu. Hewa ya mle huua haraka, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huwa wa pili kufa.

Kuna tabia ya mijini iliyoanza kuhamia vijijini, ya kutapisha choo: mvua kubwa ikija, mtu anatoboa shimo pembeni, uchafu uende na maji. Anayetapisha anajiona mjanja. Maji yale hupita kwenye visima vya walio chini yake, na kipindupindu hakiulizi aliyetoboa ni nani.

Kwa hiyo mwishoni mwa Februari, kabla mto Lumemo haujaanza kusikika usiku, funga jiwe kwenye kamba ulishushe tunduni. Kama kati ya tope na sakafu imebaki nusu mita, funga choo, hamia shimo la pili wakati ardhi bado inachimbika. Kama nafasi ipo, zibua mfereji wa kuzunguka choo, pandisha udongo kwenye ukingo ufike sentimita 15 juu ya ardhi, na nunua dawa ya kutibu maji ya kunywa sasa hivi, barabara ingali inapitika.