Namna ya Kupanga Likizo ya Familia katika Ranchi ya Farasi Magharibi mwa Marekani

Ranchi za wageni, ambazo Wamarekani huziita dude ranch, zilianza miaka ya 1880 huko Dakota Kaskazini, ndugu wa ukoo wa Eaton walipoanza kuwatoza malipo marafiki waliotoka miji ya mashariki kuja kuwatembelea, kuwinda na kupanda farasi. Mwaka 1904 ndugu hao walihamia Wolf, katika jimbo la Wyoming, na ranchi yao ingali inapokea wageni hadi leo. Utaratibu wenyewe haujabadilika sana: mgeni hulala kwenye kibanda cha magogo, hula mezani pamoja na wageni wenzake, na hupewa farasi wake wa wiki nzima.

Kazi yangu ni kuzipangia safari za namna hii familia za Waafrika Mashariki tunaoishi Marekani, pamoja na ndugu wanaokuja kututembelea. Familia nyingi huvutiwa kwanza na picha za milima, zikalipa, ndipo zinapogundua kwamba mtoto wa miaka minne haruhusiwi kutoka na farasi nje ya zizi. Ndiyo maana mimi huanza na mwanafamilia mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kupanda farasi, nikaitafuta ranchi inayomfaa yeye, kwa kuwa walio hodari hawakosi la kufanya popote.

Hatua ya 1: Waandike wanafamilia wote

Chukua karatasi uandike umri wa kila mtu, uzito wake, kama amewahi kupanda farasi, kama anaogopa, na kama ana maradhi ya mgongo, goti au pumu. Ranchi nyingi haziwaruhusu watoto walio chini ya miaka sita au saba kwenda njia za milimani. Wadogo hao huongozwa kwa kamba ndani ya uwanja wenye uzio, mtu mzima akitembea kando yao. Upo pia ukomo wa uzito kwa ajili ya afya ya farasi, ambao katika ranchi nyingi ni kati ya paundi 225 na 250, yaani kilo 102 hadi 113 hivi. Jambo hili liulizwe kwa adabu lakini liulizwe nyumbani mapema, kwa sababu zipo ranchi zinazompima mgeni kwenye mizani, na hakuna shemeji anayependa kuambiwa mbele ya watoto kwamba leo hatapanda.

Kwa bibi au babu asiyepanda kabisa, tafuta ranchi yenye mto wa kuvulia samaki, matembezi mafupi na gari la kuwapeleka wasiopanda mahali pa chakula cha nje. Uliza pia kama asiyepanda hupunguziwa bei, kwa kuwa baadhi ya ranchi hupunguza na nyingine hutoza kila mtu sawa.

Hatua ya 2: Chagua jimbo kwa kufuata majira

Ranchi za Colorado, Wyoming na Montana hupokea wageni hasa kuanzia Juni hadi Septemba, na likizo ndefu ya shule huangukia ndani ya kipindi hicho. Arizona ni kinyume chake: msimu mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Mei, kwa kuwa jua la kiangazi la Tucson hupita nyuzi 38 na kupanda farasi mchana huwa adhabu. Wenye siku chache au fedha kidogo mimi huwaelekeza Bandera, Texas, mwendo wa takriban kilomita 80 kutoka San Antonio, ambako ziko ranchi zinazopokea wageni hata kwa siku mbili tatu. Kaskazini, ranchi nyingi katika msimu wa kiangazi huuza wiki nzima tu, kuanzia Jumapili.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gharama yote

Bei hutajwa kwa kila mtu kwa wiki, ikijumuisha malazi, milo mitatu, farasi na shughuli za watoto. Kwa mtu mzima, mara nyingi ni dola elfu mbili hadi zaidi ya elfu tano kwa wiki, kutegemea ranchi na mwezi. Juu yake weka kodi, usafiri na bakshishi, ambayo kwa desturi ni asilimia 15 hadi 20 ya bei. Ulizia kwanza kama ranchi imekwisha kuijumuisha kwenye ankara, la sivyo utailipa mara mbili.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kutoa hata senti

Tovuti za ranchi zote hufanana. Simu ndiyo inayozitofautisha. Ongea na msimamizi wa farasi ikiwezekana, kisha uliza kwanza jinsi watoto wanavyopanda. Katika baadhi ya ranchi watoto hupanda na walezi wao kwa makundi ya umri, na wazazi huonana nao wakati wa chakula. Katika nyingine familia hupanda pamoja kila siku. Hakuna utaratibu ulio bora kwa wote, lakini mama aliyekuja ili awe na wanawe, kisha asiwaone tangu asubuhi hadi magharibi, atakuwa amelipia likizo isiyo yake.

Kisha uliza wageni hupangwaje kwa mwendo. Kuna matembezi ya polepole ambamo farasi hufuatana kwa mstari, kuna mwendo wa telki unaomrusharusha mpandaji, na kuna kwenda shoti. Ranchi makini humpima kila mgeni uwanjani kabla ya kumruhusu kwenda kasi, nayo hulibadilisha kundi lake kadiri anavyoimarika. Ukijibiwa kwamba wote huenda pamoja kwa mwendo mmoja, fahamu kuwa kijana wako wa miaka kumi na mitano atachoka ifikapo Jumanne.

Suala la chakula lisiachwe hadi siku ya kufika. Ranchi ni nchi ya nyama, na asubuhi nyama ya nguruwe haikosi mezani. Familia ya Kiislamu ieleze mapema kwa maandishi kwamba haili nguruwe, na iulize kama mpishi anaweza kuagiza nyama ya halali au awaandalie samaki na mboga katika chombo cha peke yake. Mara nyingi maduka yako mbali na vyakula huagizwa kwa wiki, kwa hiyo taarifa ya wiki mbili kabla humsaidia mpishi, ilhali ya siku ileile humtia aibu tu. Mwisho, omba masharti ya kughairi kwa maandishi, na usome fomu ya kukubali hatari ambayo kila mgeni, au mzazi wake, huitia saini.

Hatua ya 5: Panga njia na bima

Kwa Colorado, wengi hushukia Denver kisha hukodi gari. Wanaotoka Chicago wanaweza kupanda treni iitwayo California Zephyr, ambayo husimama Granby, mji wenye ranchi kadhaa jirani; watoto huipenda safari hiyo kuliko ndege. Ndugu wanaotoka Kenya au Tanzania wanahitaji viza ya matembezi, hivyo usilipe fedha isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Bima ya safari itaje wazi kwamba inagharimia ajali ya kupanda farasi, kwa kuwa zipo zinazoiondoa.

Hatua ya 6: Funga mizigo

Suruali za jinzi ndefu zisizobana, mashati ya mikono mirefu, koti la mvua, na buti zenye kisigino kidogo, ambacho huuzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, yaani pete ambayo mpandaji hukanyagia. Raba za michezo hazina kisigino hicho. Helmeti mara nyingi hutolewa, na mtoto asipande bila hiyo hata akilalamika kwamba kofia pana ndiyo inayopendeza. Mwanamke mwenye hijabu achague ya kitambaa chembamba, ifungwe bila pini wala fundo chini ya helmeti.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza

Granby iko juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, hivyo hata aliyekulia Nairobi, iliyo karibu mita 1,800, huweza kuumwa kichwa. Lala Denver usiku mmoja njiani, kunywa maji mengi, na usitarajie mengi jioni ya kwanza.

Utaulizwa kuhusu uzoefu wako, na jibu lako ndilo litakaloamua farasi utakayepewa. Sema kweli. Kupanda ngamia mara moja katika ufuko wa Jomo Kenyatta, Mombasa, hakumfanyi mtu mzoefu, na farasi aliyechaguliwa kwa ajili ya mzoefu hugundua udanganyifu kabla ya mwongozaji. Usimpitie farasi kwa nyuma, kwa maana haoni moja kwa moja nyuma yake. Pita mbali, au zungumza naye huku mkono ukimgusa ili ajue ulipo.

Kabla ya kupanda, pima urefu wa kikuku: weka ncha za vidole mahali ukanda wake unapoanzia kwenye tandiko, kisha uvute ukanda kando ya mkono wako hadi kikuku kifike kwapani. Ukikaa, goti liwe limekunjika kidogo, sehemu pana ya mbele ya wayo ikanyage kikuku, na kisigino kishuke. Anayeona magoti yanamuuma baada ya nusu saa amwombe mwongozaji aurefushe ukanda. Ni kazi ya dakika moja, lakini wageni wengi wanaona haya kuomba.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Siku ya mwisho, ambayo mara nyingi huwa na mashindano mepesi ya watoto uwanjani, peleka bakshishi ofisini ili igawiwe hata wapishi na wasafishaji ambao hukuwaona. Kama wiki imewafaa, uliza hapohapo kuhusu wiki kama hiyo ya mwaka ujao, kwa kuwa ranchi nyingi huwapa wageni wanaorudi nafasi ya kwanza, na wiki za Julai ndizo zinazojaa mapema.