Kutuma vifukofuko vya nondo kwa posta: tarehe kwanza, boksi baadaye

Nondo akifika na mbawa zilizokunjamana, mara nyingi si kwamba boksi lilikanyagwa. Alitoka kwenye kifukofuko, yaani ganda la nyuzi alilosuka akiwa kiwavi, kifurushi kingali njiani. Akishatoka kwenye kifukofuko hutafuta pa kuning'inia ili mbawa zitanuke kisha zikauke. Ndani ya boksi hapapati, na zikishakauka hivyo hazinyooki tena.

Kwa hiyo chagua tarehe kwanza. Nondo mkubwa wa Amerika Kaskazini, Hyalophora cecropia, hulala kifukofukoni majira yote ya baridi, na huo ndio wakati wa kumsafirisha. Nondo wa eri, Samia ricini, hangoji baridi ipite; hutoka baada ya wiki chache tu, basi usimkawize. Ila usimtume akiwa ndiyo kwanza amemaliza kusuka: pupa (mdudu aliyemo kifukofukoni kabla hajawa nondo) akiwa mchanga ana ngozi laini, mpe kama wiki moja akomae.

Kabla ya kufunga, pima kila kifukofuko kiganjani. Chenye uhai kina uzito. Ukikitikisa taratibu sikioni, unasikia kitu kizito kikigonga. Kikiwa chepesi na kinachakarika kama ganda kavu, pupa amekufa au ameliwa na vimelea. Chenye tundu dogo ubavuni usikitume kabisa.

Tumia boksi gumu, ujaze karatasi laini mpaka visicheze, lakini usivibane. Pamba siipendi, nyuzi zake hunasa miguu ya nondo akitoka kabla ya wakati. Mfuko wa plastiki uliofungwa huleta unyevu, kisha ukungu. Wengine hutoboa boksi matundu; kazi bure, kwani pupa aliyelala hutumia hewa kidogo mno. Majani ondoa, yanaweza kubeba wadudu na magonjwa.

Kama kifurushi kinavuka mpaka, ulizia kibali kwa mamlaka ya afya ya mimea ya pande zote mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mfaransa Étienne Léopold Trouvelot alileta nondo Lymantria dispar kutoka Ulaya hadi Medford, Massachusetts. Wakamtoroka, na mpaka leo viwavi wao wanakwangua majani ya misitu ya Marekani.

Tuma mwanzoni mwa wiki, kifurushi kisilale ghalani Jumamosi na Jumapili. Mwarifu mwenzako siku ya kukitarajia, akifungue siku hiyohiyo na kuweka vifukofuko kwenye kizimba chenye kuta za wavu, si za kioo, maana kwenye kioo nondo huteleza.