SOMO: Jinsi ya kutambua kichwa cha treni cha Marekani kilichobaki na rangi ya kampuni iliyokufa

Wakuu habari zenu. Wengi humu mnaangalia kamera za laivu za reli za Marekani, ile ya La Plata kule Missouri na nyinginezo, na swali ni lilelile kila siku: mbona treni ya BNSF (kampuni ya reli ya Marekani) kichwa cha mbele ni cha chungwa halafu cha nyuma yake chekundu na fedha? Kampuni zikiungana makaratasi yanasainiwa siku moja, ila rangi inaweza kukaa miaka ishirini na zaidi, maana kupaka kichwa kizima ni hela nyingi na kinalala karakana siku kadhaa bila kuvuta mzigo, kwa hiyo mwenye mali anangoja mpaka kiingie matengenezo makubwa, na vingine havifiki huko, vinauzwa au vinakatwa skrepa na rangi yao ya kwanza.

HATUA 1: Anza na herufi, rangi baadaye. Angalia ubavuni chini ya dirisha la dereva, kuna namba na herufi za mmiliki. Herufi ndo zinakwambia kichwa ni cha nani leo, rangi inakwambia kilitoka wapi.

HATUA 2: Tafuta kiraka. Hapa ndo penye utamu. Union Pacific (UP) ilipoimeza Southern Pacific (SP) mwaka 1996, zilikuta zina vichwa vyenye namba zinazofanana, ikabidi vingi vibadilishwe namba, sasa badala ya kupaka upya wakaziba namba ya zamani kwa kipande cha manjano, juu yake namba mpya nyekundu, basi, kichwa kikarudi kazini. Simamisha video uvute picha: ukingo wa kiraka umenyooka na manjano yake bado inawaka, pembeni yake kijivu cha SP kimepauka kimejaa masizi, pua bado nyekundu, na ubavuni yale maherufi makubwa ya Southern Pacific yapo palepale. Kampuni mbili kwenye bati moja.

HATUA 3: Kama hakuna kiraka, tafuta kivuli. Rangi ya juu ikichoka na jua, herufi za chini zinaanza kujitokeza. Subiri mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni.

HATUA 4: Usichanganye kilichobaki na kilichopakwa kwa kumbukumbu. Hii wengi wanakosea. Kati ya 2005 na 2006 UP ilipaka vichwa 6 vipya rangi za kampuni ilizozimeza, mfano namba 1996 ni ya kumkumbuka SP, na 2012 kampuni ya Norfolk Southern (NS) ikapaka 20. Ni vizuri sana, sikatai, ila ni picha ya marehemu. Namba 1996 ni SD70ACe, modeli ambayo SP ilikufa haijatengenezwa, kwa hiyo ukiona modeli ni changa kuliko kampuni yenyewe, ujue ni kumbukumbu. Mimi napenda zaidi kile kilichochoka, kwa sababu rangi ile ilivuta mizigo ya kampuni ile kweli.

HATUA 5: Jua mwaka wa muungano. Burlington Northern na Santa Fe ni 1995, ndo ikawa BNSF. Kile chekundu na fedha mnachouliza ni Warbonnet, mtindo wa rangi wa Santa Fe, ilichorwa 1937 na Leland Knickerbocker wa General Motors kwa ajili ya treni ya abiria Super Chief, na angalieni, BNSF yenyewe baada ya muungano ilipokea vichwa vipya vyenye Warbonnet na herufi BNSF ubavuni, hivyo siyo kila Warbonnet ilikuwa ya Santa Fe. Leo nyekundu yake imepauka mpaka inakaribia pinki.

Na kuna waliowahi kupaka kabla ya ndoa. SP na Santa Fe zilitaka kuungana miaka ya 80, vichwa vikapakwa nyekundu na manjano, vya SP vikaandikwa SP na nafasi ikaachwa ya kuongezea SF, vya Santa Fe vikaandikwa SF na nafasi ya SP. Mwaka 1986 tume ya serikali ikakataa. Ile nafasi haikujazwa kamwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimeona kichwa cha bluu kimeandikwa Conrail kinang'aa kabisa, si kampuni hiyo iligawanywa?
Jibu: Iligawanywa Juni 1999, NS ikachukua 58% na kampuni nyingine, CSX, 42%. Kama kinang'aa na namba ni 8098, hicho ni kumbukumbu ya NS, rudi hatua ya 4. Jina lenyewe bado lipo kwenye reli za pamoja New Jersey, Philadelphia na Detroit.

Swali: Kaka niko Kansas City, huku naona vyekundu, manjano na kama vyeusi. Ni nini?
Jibu: Dada una bahati! Ni Southern Belle, mtindo wa rangi wa Kansas City Southern (KCS), na hiyo nyeusi ukiisogelea ni kijani kilichokoza. KCS iliungana na Canadian Pacific 14 Aprili 2023 ikawa CPKC, kwa hiyo piga picha sasa hivi, ila simama barabarani, reli ni mali ya kampuni na ukiingia utakamatwa.

Swali: Na huku kwetu mkuu?
Jibu: Kwetu ilikuwa kinyume, East African Railways ilivunjika 1977 moja ikawa tatu. Ile rangi ya damu ya mzee unaikuta makumbusho ya reli Nairobi, kwenye kichwa cha mvuke cha aina ya Garratt, namba 5918 Mount Gelai.

Swali: UP na NS wakiungana itakuwaje?
Jibu: Walitangaza nia hiyo Julai 2025. Ikipita, vile vyeusi vya NS vyenye farasi puani, ambavyo leo hakuna anayehangaika kuvipiga picha, ndo vitaanza kuwekewa viraka. Mimi nimeshaanza kuvipiga.