Namna Shule za Lamu Zinavyoweza Kuwasaidia Vijana Walioumizwa Mtandaoni

Katika mji wa Lamu, ambako nyumba zimeshikana na watu hujuana kwa ukoo, picha ya aibu iliyotumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp huwa imeshafika shuleni kabla ya kengele ya asubuhi. Kijana aliyedhalilishwa atakutana na wenzake darasani, alasiri atakaa nao madrasa, na jioni atapishana nao katika vichochoro vya Mkomani au Langoni. Kwa hiyo shule haiwezi kudai kwamba mambo ya mtandaoni yanawahusu wazazi peke yao.

Anzeni kwa kuandaa pa kusikilizwa, kisha ndipo mtunge kanuni za simu. Kupiga marufuku simu saa za masomo kuna faida yake, lakini kijana anayejua kwamba akisema atanyang'anywa simu na kuchapwa atanyamaza, hata pale mtu mzima asiyemjua anapomtisha ili amtumie picha za utupu. Mwalimu mkuu na atangaze mbele ya wanafunzi wote kwamba anayekuja kuomba msaada hataadhibiwa kwa sababu ya simu aliyokuwa nayo. Viboko, kwa vyovyote vile, vimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Wateuliwe walimu wawili wa ushauri nasaha, wa kike na wa kiume, na wapunguziwe vipindi ili wawe na nafasi ya kweli. Anayesimamia nidhamu asipewe kazi hii. Chumba chao kisiwe mkabala na ofisi ya walimu, kwa maana mwanafunzi akionekana akiingia, maswali yatamsubiri nje.

Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Usimwulize, "Kwa nini ulituma?" Mwulize, "Imekuwaje, mwanangu?" kisha umwache amalize, hata akinyamaza kwa muda mrefu. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza: mweleze mapema kwamba maisha yake yakiwa hatarini itabidi mtu mwingine ahusishwe, halafu muamue pamoja nani aambiwe kwanza, awe mama, shangazi au ustadhi anayemwamini. Ukihisi kwamba anafikiria kujidhuru, mwulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na asiachwe peke yake mpaka apate msaada wa kitabibu.

Picha ya utupu ya mtoto isinakiliwe kwenye simu ya mwalimu wala kuonyeshwa walimu wengine, hata kwa nia njema. Andikeni tarehe, saa na jina la akaunti iliyotumika, mhifadhi ujumbe wa vitisho, kisha mpelekeni taarifa afisa wa watoto au polisi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji wa mtandaoni, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamgusa mwenye kusambaza.

Wapo wasiosema lolote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo mwalimu wa darasa amtazame anayesinzia kila asubuhi, aliyeacha kandanda ghafla, au anayebaki darasani peke yake wakati wa mapumziko.

Aliyesambaza picha naye ni mwanafunzi wenu. Aitwe faraghani pamoja na mzazi wake, aifute, awaombe waliopokea waifute, na aendelee kuonana na mshauri. Kumsimamisha gwarideni ili azomewe ni kuongeza mtoto wa pili aliyeumizwa.

Kabla ya kufunga shule, wakumbusheni wanafunzi namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bure usiku na mchana, na muwaambie ni mwalimu yupi atakayepatikana mjini wakati wa likizo.