Namna ya kulisoma na kulitumia jina la Osaka

Anayetaka kulitumia jina la Osaka ipasavyo na aanze na matamshi, kwa kuwa tahajia tuliyoizoea imemeza irabu moja. Wajapani hutamka "Oosaka", wakiivuta irabu ya kwanza kama sisi tunavyoivuta katika "choo", wala hawaikazi silabi ya "sa". Urefu huo si pambo: kama "kufa" kusivyokuwa "kufaa", ndivyo "Ooyama" ulivyo mlima mkubwa na "Oyama" mlima mdogo, ingawa kwa herufi za Kilatini majina hayo mara nyingi huandikwa sawasawa.

Jina lenyewe huandikwa kwa alama mbili, 大阪, yaani "kubwa" na "mteremko". Zamani alama ya pili iliandikwa zaidi 坂, ambayo upande wake wa kushoto una alama ya udongo. Katika enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, 阪 ndiyo iliyokubaliwa rasmi. Husimuliwa kwamba 坂 ilikimbiwa kwa sababu ukiipasua vipande husomeka kama "kurudi udongoni", yaani kufa. Binafsi naona ni kisa kitamu kuliko ushahidi. Hata hivyo alama hiyo haijafa: jina la ukoo la mcheza tenisi Naomi Osaka huandikwa 大坂, kwa hiyo usilisahihishe.

Katika anwani, angalia kiambishi kinachofuata jina. Osaka-shi ni jiji, ilhali Osaka-fu ni mkoa mzima, na ndiyo maana mkazi wa Sakai, jiji jingine la mkoa huo, ni mtu wa Osaka-fu bila kuwa wa Osaka-shi. Anwani ya Kijapani huanza na mkoa, ikafuata jiji, kisha wilaya na mtaa, kinyume cha mazoea yetu.

Kwenye reli ndiko mgeni hupotea zaidi. Alama 阪 husomwa pia "han", nayo hukatwa na kuunganishwa na majina ya miji jirani: Keihan ni reli ya Kyoto na Osaka, Hanshin ni reli ya Osaka na Kobe. "Shin" hiyo ya Kobe isichanganywe na ile ya Shin-Osaka, ambayo maana yake ni "mpya". Shin-Osaka ni stesheni iliyofunguliwa 1964 pamoja na treni ya mwendokasi ya kutoka Tokyo, na mwenye miadi katika stesheni ya Osaka akishuka hapo hana budi kupanda treni nyingine, avuke mto Yodo.