Tangi la samaki lenye bustani ndani: mahali utakapokwama ni kwenye udongo

Shemeji yangu alipohamia Lanet, Nakuru, hakuniomba meza ya kioo wala rafu ya vyombo. Aliniomba tangi la samaki. "Lile lenye bustani ndani, shem, si lile la vijiwe vya rangi na jumba la plastiki." Mimi ni fundi wa vioo hapa Kisumu na matangi nimeunganisha mengi, ila kuotesha mimea ndani ya maji ni kazi nyingine kabisa, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuzika samaki. Nimeandika hatua zote hapa ili asinipigie simu kila usiku, na wewe pia usimpigie fundi wako.

Kioo na meza

Tangi la kuanzia liwe na urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 36, kwa kioo cha milimita 6. Litabeba lita 60 na kitu. Kukata na kuunganisha sitaeleza, hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua mkono wake. Muulize tu kuhusu silikoni: iwe ile inayonuka siki ikikauka, na isiwe ile ya bafu iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Iache ikauke wiki nzima hata kama fundi anakuambia siku mbili.

Ukijumlisha maji, mchanga, mawe na kioo chenyewe unapita kilo 80. Meza ya televisheni haitoshi. Tandika sponji nyembamba chini ya tangi, na uliweke mbali na dirisha la jua, la sivyo mwezi mmoja tu utakuwa unafuga mwani.

Udongo

Hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili na samaki kumi na wanane, kwa hiyo nivumilie.

Mimea mingi hula kwa mizizi, na njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuweka udongo wa kawaida chini, kisha kuufunika kwa mchanga. Wenye duka watakuuzia vidonge, chupa za mbolea na mitungi ya gesi ya kaboni. Sina ugomvi na vitu hivyo, lakini kwa tangi la kwanza sitaki kuviona. Udongo mzuri unalisha mimea mwaka mzima na zaidi bila wewe kununua kitu.

Shida ni neno "mzuri". Tangi langu la kwanza nilichimba udongo nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mahindi. Ulikuwa mweusi, laini, unapendeza machoni. Niliutandika, nikamwaga mchanga, nikajaza maji, na kesho yake nikatia samaki sita. Asubuhi ya tatu wote walikuwa juu wanahema midomo wazi, mashavu mekundu kama yamepakwa wanja wa damu. Jioni walikuwa wamekufa. Nikalaumu klorini ya mfereji. Nikamwaga maji yote, nikajaza upya, nikanunua samaki wengine sita. Wakafa. Nikalaumu muuzaji. Nikaenda kwa mwingine, nikanunua sita. Hao walifika siku ya tano.

Mzee mmoja anayefuga samaki miaka mingi ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Shamba hilo mlipanda na nini?" Tulipanda na DAP, kama kila mtu huku. Akaniambia nikasome gunia. Limeandikwa 18-46-0. Ile 18 ni naitrojeni, na kwenye DAP inakuja kama amonia, ambayo kwa samaki ni sumu. Kwa hiyo nilikuwa nimewatandikia samaki mbolea chini na kuwawekea maji juu. Alinipa matone yake ya kupimia nikapima nikiwa nimesimama palepale sebuleni. Maji yasiyo na amonia hubaki manjano. Yangu yaligeuka kijani kama sukuma wiki.

Basi fanya hivi. Chimba mahali ambapo hapajaona DAP, CAN wala samadi kwa misimu miwili, kwa mfano chini ya nyasi au kando ya ua wa zamani. Usichukue ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano: ukilowa unavimba, na ukiuvuruga mara moja maji yanakuwa uji kwa wiki. Mimi napenda udongo mwekundu wa upande wa Maseno, una chuma, nikiuchanganya nusu kwa nusu na tifutifu la kawaida. Chekecha, toa mizizi, vijiti na mawe. Loweka kwenye ndoo, mwaga maji na yale yanayoelea, jaza tena, kila siku kwa wiki moja. Kisha anika juani hadi ukauke kabisa, ulowanishe tena, uanike tena.

Halafu jaribu kwa chupa kabla ya kuweka tangini. Vijiko vinne vya udongo kwenye chupa ya jemu, jaza maji yasiyo na klorini, acha siku tatu, pima amonia. Ikiwa manjano au kijani hafifu sana, endelea. Ikiwa sukuma wiki, rudisha udongo huo shambani, mahindi yatakushukuru. Jaribio hili halikugharimu chochote isipokuwa subira, na ndilo ambalo shemeji alitaka kuliruka. Nilimwambia asipolifanya nisije nikasikia simu yake.

Tandika udongo sentimita 2, usizidishe. Ukiwa mnene unaoza chini, unatoa mapovu yanayonuka mayai viza. Ukiona mapovu hayo wiki za mwanzo, chomachoma polepole kwa kijiti chembamba ili gesi itoke kidogo kidogo. Acha pia ukanda wa sentimita 3 mbele, karibu na kioo, bila udongo, ujaze mchanga mtupu, la sivyo tangi zima litaonekana kama keki iliyokatwa.

Mchanga

Mchanga wa mto wa kujengea unafaa. Osha hadi maji yatoke meupe, na ukidhani yametoka meupe osha mara tatu zaidi. Matone ya siki juu yake: ukichemka una chokaa, utafute mwingine. Sentimita 3 juu ya udongo, na nyuma uongezeke hadi 6 au 7 ili jicho lione kina.

Mawe na mti

Mawe nayo pima kwa siki. Shemeji ana bahati, Nakuru imejaa mawe ya volkano, mepesi, yenye vitundu, hayachemki. Weka mawe kabla ya mimea, na yakae imara hata ukiyasukuma kwa kidole.

Kuna utaratibu wa Kijapani wa kupanga mawe matangini, na Takashi Amano, aliyefariki 2015, ndiye aliyeusambaza duniani. Lakini mtu wa Kisumu hahitaji kwenda mbali. Nenda Seme utazame Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Mimi hupanga kwa mikayi, nyachira na reru, yaani mke wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa Kiluo. Mikayi ni jiwe kubwa, na siliweki katikati kamwe, naliweka thuluthi moja kutoka upande mmoja, limeinama kidogo. Nyachira ni dogo kuliko yeye na limeinamia upande uleule. Reru ni dogo zaidi, limejitenga kidogo. Wake wa nyumba moja: ukitumia mawe ya aina mbili tofauti yataonekana wageni. Idadi iwe tatu au tano. Nne hunisumbua macho, siwezi kueleza kwa nini.

Mti, tumia mpera uliokauka kabisa. Uchemshe, ubandue gome, uuloweke hadi uzame wenyewe. Utatia maji rangi ya strungi kwa majuma kadhaa. Haidhuru.

Maji

Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huua bakteria tutakaowahitaji. Acha ndoo wazi siku nzima, pampu ya hewa ikitoa mapovu ndani, au tumia tone la dawa ya kuondoa klorini. Siku za mvua kubwa mfereji ukinuka kama bwawa la kuogelea, acha siku mbili.

Nakuru ni hadithi nyingine. Maji ya visima yana floridi, ndiyo maana ya yale meno ya kahawia, na ya shemeji yalisoma pH (kile kipimo cha asidi ya maji) juu ya 8. Jambo hili lina uzito, kwa sababu pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia inayoua huongezeka karibu mara kumi. Kipimo kilekile cha amonia kinachovumilika Kisumu kinaweza kuua Lanet. Alichanganya nusu na maji ya mvua, akiacha mvua ya kwanza ioshe mabati.

Weka sahani juu ya mchanga na umimine juu yake, polepole. Jaza nusu kwanza, panda, kisha malizia.

Kupanda

Panda mimea mingi siku ya kwanza. Tangi lenye mashina matatu ni karamu ya mwani. Valisneria nyuma, kriptokorini katikati, na hornwoti ielee popote, inakua haraka na kufyonza amonia kuliko mmea mwingine wowote ninaoujua. Tumia kibano kirefu, vidole vitafukua udongo. Anubiasi na kangaga la Java (Java fern) usizike shina lao la mlalo, litaoza. Zibandike kwenye jiwe kwa supaglu ya jeli.

Sichukui mimea ufukweni Dunga. Konokono wanaoganda kwenye majani ndio wanaobeba kichocho.

Taa, pampu, joto

Taa ya LED nyeupe ya mchana, saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 8. Nunua swichi ya saa, usijiamini. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linanitosha, na pampu ndogo ya betri ni muhimu kuliko taa ya bei, maana stima ikipotea usiku kucha bakteria kwenye sponji wanakosa hewa. Kisumu hatuhitaji hita. Nakuru iko juu karibu mita 1,850 na usiku wake ni baridi, basi hita ya wati 75, ikiwekwa nyuzi 25.

Kusubiri

Tangi likijaa linapendeza, na hapo ndipo watu huenda kununua samaki. Usiende. Bakteria wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea inaila. Kundi la pili huchelewa, na yote huchukua kama wiki nne hadi sita. Bakteria wanakaa kwenye sponji na mchanga, hawakai majini, kwa hiyo badilisha nusu ya maji kila siku ya pili wiki ya kwanza bila wasiwasi, mradi klorini imetoka. Ukipata mtu mwenye tangi la zamani, mwombe akamulie sponji lake chafu ndani ya lako. Maji yatachafuka, wewe furahi.

Amonia na nitriti zikisoma sufuri siku saba mfululizo, umefika. Shemeji alinitumia picha ya kipimo siku ya tano, akaniuliza kama tano haiwezi kuhesabiwa saba kwa sababu Jumapili alisahau kupima. Haiwezi.

Samaki

Gapi sita kwanza, basi. Wanavumilia maji ya Nakuru. Ngege (tilapia) usithubutu, atakula bustani na kufukua kilichobaki. Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe. Wape chakula kidogo, kinachokwisha kwa dakika mbili.

Shemeji aliweka sita mwezi wa nne. Sasa hivi wamezaana hadi hawahesabiki, na ananiuliza kila wiki kama kuna mtu Kisumu anayetaka gapi. Mimi nina wangu.