Jinsi ya kupanga aya ya kulinganisha na kutofautisha: mfano wa sangara na sato

"Sangara ni samaki mkubwa. Sato ni mtamu sana, hasa wa kukaanga. Sangara anauzwa Ulaya." Hivi ndivyo alivyoanza kijana mmoja wa kidato cha pili ninayemfundisha jioni hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Hakuna uongo hapo, ila hakuna kilicholinganishwa. Tuliivunja aya yake na kuijenga upya kwa hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua vitu vya jamii moja. Samaki kwa samaki, mji kwa mji.

Hatua ya 2: Chora jedwali la safu tatu. Kushoto kigezo, katikati sangara, kulia sato. Tumia karatasi na penseli, simu iweke kando. Wapo walimu wanaopenda ile michoro ya duara mbili zinazoingiliana, mimi siitaki. Inakuruhusu kuandika "mkubwa" huku na "mtamu" kule, usigundue kwamba maneno hayo hayakutani popote. Jedwali linakuumbua: chumba kikibaki kitupu, unakiona.

Hatua ya 3: Jaza vigezo. Jioni nzima iliishia hapa. Kigezo ni swali moja linaloulizwa pande zote mbili.

"Sangara ni mkubwa. Na sato je?"

"Sato ni mtamu, mwalimu."

"Sijauliza ladha. Nimeuliza ukubwa."

Akacheka, kisha akaandika: sangara anaweza kupita kilo 100, ilhali sato wa kilo 3 tu anatosha kukusanya watu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Sasa hapo tuna ulinganisho. Tukaendelea. Chakula: sangara humeza samaki wenzake, hata watoto wa sangara, sato hula zaidi mwani na mimea, ingawa wadudu nao hawaachi. Uzazi: sangara humwaga mayai majini na kuyaacha, sato jike huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe. Soko: sangara wengi huenda viwandani kukatwa minofu ya kusafirishwa nje, na bondo lake, yaani kifuko chake cha hewa, lina wanunuzi wake Asia, sato huliwa zaidi hapa hapa nchini.

Angalia mitego. Kigezo kipana kama "maisha yao" hakifai, kivunje. Ladha unaweza kuitumia, lakini uwe na la kusema kwa samaki wote wawili, tena zaidi ya "mimi napenda". Na majibu yakiwa sawa pande zote mbili, usifute! Hapo umepata mfanano, na ndiyo sehemu wanafunzi wengi huikosa. Kijana wangu alikuwa tayari kuapa kwamba sato ni mwenyeji wa ziwa hili. Hapana: sangara na sato wote waliingizwa Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20; wenyeji ni ngege na mbiru, samaki wa jamii ya sato.

Kwa aya moja, bakiza vigezo vitatu. Vingine viache hata kama vinakuuma.

Hatua ya 4: Panga kigezo kwa kigezo. Njia ya kumaliza sangara wote ndipo uanze sato ipo, na vitabuni inakubalika, lakini msomaji akifika kwa sato ameshasahau ulichosema juu. Mimi huwaambia wanafunzi waachane nayo. Anza na mfanano, maliza na tofauti nzito kuliko zote, na sangara atangulie kila mara:

"Ingawa sangara na sato wote waliletwa Ziwa Victoria, wanatofautiana kwa chakula, uzazi na soko. Sangara huwinda samaki wengine, ilhali sato hutegemea zaidi mwani na mimea. Sangara huyaacha mayai yake majini, kinyume chake, sato jike huyaatamia mdomoni…"

Hatua ya 5: Viunganishi. Ilhali, kinyume chake, vilevile, tofauti na. "Lakini" moja inatosha.

Hatua ya 6: Kagua. Pigia mstari kila "sangara", zungushia duara kila "sato". Mistari ikiwa mingi kuliko duara, kuna chumba ulichokiruka kwenye jedwali.